Naomba ushauri: ditekta inalia kila mahali kwenye udongo mwekundu wa Handeni

Ndugu wachimbaji, habari zenu. Mimi na wenzangu tunatafuta dhahabu wilayani Handeni, mkoani Tanga, katika eneo lenye leseni ndogo ya uchimbaji, ambako udongo ni mwekundu sana na una mchanga mweusi unaonasa kwenye sumaku. Ditekta yetu (mashine ya kutambua metali ardhini) hutumia masafa ya kilohezi 18, na hata tukiisawazisha na ardhi, yaani kuifanya ipuuze madini ya udongo, kwa kuinua na kushusha koili (sahani yake ya kutafutia), bado inalia juu ya mawe yenye chuma kwa sauti ambayo mimi siwezi kuitofautisha na ya punje halisi. Nikipunguza usikivu kelele hutulia, lakini punje ndogo nazo hazisikiki tena, na dhahabu tunayoipata huku ni ndogo ndogo.

Naelewa kwamba mashine za mapigo (ditekta zinazotuma mawimbi kwa vipindi vifupi vifupi, pulse induction) huvumilia udongo wa namna hii, kwa kuwa husubiri mwitikio wa ardhi ufifie kabla ya kusikiliza. Ila bei yake ni ya kuuza ng'ombe, na uwezo wake wa kubagua misumari ni hafifu, nasi tunapita kwenye mashimo ya zamani yaliyojaa vyuma chakavu. Je, koili ndogo ya aina ya DD (yenye nyaya mbili za umbo la D zilizopishana) inaweza kutuvusha kwa sasa? Na udongo unapobadilika rangi, ninyi husawazisha upya papo hapo au huiachia mashine ijirekebishe yenyewe? Ningefurahi zaidi kujibiwa na aliyeshika mashine mwenyewe Handeni au Kilindi kuliko na muuzaji.