Mimba wiki 17, daktari anataka kukata kinyama kwenye shingo ya kizazi, nikubali?

mama_kijacho: Habari zenu wapendwa, naombeni msaada silali. Nina mimba ya wiki 17 na natokwa damu kidogo kila nikikutana na mume wangu, kliniki nikisema naambiwa hiyo mimba tu itaacha, mpaka juzi daktari mwingine akanipandisha kitandani akachungulia na kile kifaa akasema kuna kidonda kwenye shingo ya kizazi, anataka kinyama kipelekwe maabara. Mume anaogopa mimba itatoka, mama mkwe anasema nijifungue kwanza.

Mkunga Mstaafu: Pole mwanangu, ila usingoje. Kinyama kinakatwa hata kwa mjamzito, kidogo tu kama punje ya mchele, damu itatoka kiasi sababu shingo ya mjamzito imejaa damu, wanakandamiza na gozi (kile kitambaa laini cha hospitali) damu inakata. Kisichofanywa ni kukwangua ndani ya mlango wenyewe. Na hii habari ya "mimba tu" inaniuma sana, mjamzito akitoka damu apigwe ultrasaundi kuona kondo halijakaa chini, halafu achunguliwe, siyo kurudishwa nyumbani na maneno.

nuru77: Dada mimi nilikutwa na saratani ya shingo ya kizazi kweli, mimba ikiwa wiki 20. Wakanipima MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, bila ile dawa ya kuchoma kwenye mshipa, hawakutaka CT, ile ya eksirei, kwa sababu ya mionzi. Nikaanza kemo, yaani dawa kali za saratani, dripu kila wiki 3, ya mwisho wiki 33 halafu wakaacha ili damu yangu na ya mtoto ipande kabla ya kujifungua. Wiki 36 nikapasuliwa, maana uvimbe ukiwa pale mlangoni mtoto hapitishwi njia ya kawaida. Nywele zangu zilishakwisha zote, mwanangu katoka na nywele nyeusi tiii, nilizishika nikalia.

kaka_muuguzi: Nyongeza, maana kila mwili na lake. Kemo haitolewi miezi 3 ya mwanzo, viungo vya mtoto ndo vinaumbwa. Mionzi ya nyonga mimba haihimili kabisa, kwa hiyo ugonjwa ukiwa umesambaa au mimba bado changa sana kunakuwa na maamuzi magumu na mama ana haki ya kuelezwa yote bila kufichwa. Lakini mama_kijacho bado hujaambiwa ni saratani, inaweza kuwa mabadiliko ya awali tu ambayo hayajawa saratani, hayo wanayafuatilia mpaka ujifungue, unarudi kama wiki 6 hadi 8 baadaye ndo yanatibiwa. Bila kinyama hakuna anayejua, hata mama mkwe.

mama_kijacho: Asanteni jamani. Nimempigia daktari, Alhamisi asubuhi. Mume wangu kasoma yote haya kakaa kimya muda mrefu, halafu kaniuliza tunatoka saa ngapi.