Makabati ya jikoni yaliyo tayari: MDF, alumini au plaiwudi kwa jiko dogo?

Mkazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Ninakarabati jiko langu, ambalo ni dogo, na nimefikia hatua ya makabati. Uwezo wa kumwita seremala aje kutengeneza kila kitu kwa kipimo sina, hivyo nataka kununua yaliyo tayari. Nimeona aina tatu: ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) yanayouzwa ndani ya boksi ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe, ya alumini yenye milango inayong'aa, na ya plaiwudi ambayo mafundi wa Keko huyapanga kando ya barabara yakiwa yamekamilika. Naomba ushauri: lipi ni bora kwa bei nafuu?

Seremala Mstaafu

Ndugu, umemwomba daktari dawa huku mgonjwa umemwacha nyumbani. Jiko lina upana na urefu gani? Sinki liko wapi? Umetenga kiasi gani? Usipoyasema hayo, kila mtu hapa atakusifia kabati lililoko nyumbani kwake.

Mama Kigamboni

Basi mimi naanza kulisifia la kwangu, ambalo ni la alumini. Huu ni mwaka wa sita, na mchwa waliokula fremu ya mlango wa stoo hawakupata cha kula jikoni. Nalifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni bila kuogopa. Kasoro zake nazijua pia: droo hupiga kelele kama debe tupu, na bawaba zake, ambazo ni za chuma, nimekwisha kuzibadilisha mara mbili kwa sababu ya kutu ya hewa ya bahari. Ukinunua, uliza habari za bawaba kabla ya kuuliza rangi.

Mkazi wa Tabata

Samahani kwa kutojieleza. Jiko lina upana wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 240. Sinki liko chini ya dirisha, kwenye ukuta mfupi. Nimetenga laki nane, na ningependa ibaki kidogo kwa ajili ya vigae. Nilikusudia kuweka makabati ya chini kwenye kuta zote mbili ndefu.

Seremala Mstaafu

Sasa tunazungumza. Kabati la kawaida la chini lina kina cha sentimita 60. Ukiweka pande zote mbili umekwisha kula sentimita 120, na njia inayobaki ni sentimita 60, ambayo ukifungua mlango wa kabati unalazimika kurudi kinyumenyume hadi sebuleni. Weka ya chini upande mmoja, na upande wa pili tundika ya ukutani yenye kina cha sentimita 30 au 35. Kuhusu kimo, meza ya kazi huwa kati ya sentimita 85 na 90, lakini mpime anayepika badala ya kuamini boksi.

Kwa maoni yangu, chukua ya plaiwudi yenye unene wa milimita 18, lakini usinunue kwa kutazama mlango. Geuza kabati utazame nyuma na kwenye kingo zilizokatwa: plaiwudi huonyesha matabaka, chipubodi huonyesha vipande vya mbao, na MDF huwa laini kama unga ulioshindiliwa. Nimeona makabati mengi ambayo mlango ni plaiwudi safi na mwili wote ni chipubodi.

Mpangaji wa Zamani

Naomba nieleze yaliyonipata, hata kama ni marefu. Nilinunua kabati la sinki la boksi katika duka ambalo sitalitaja. Lilikuwa jeupe, zuri kuliko chochote nilichokuwa nacho, na muuzaji aliniapia kwamba halipitishi maji. Kweli, uso wake haukupitisha. Lakini fundi alipotoboa tundu la kupitisha bomba, aliacha ukingo ukiwa wazi, bila silikoni wala rangi. Chini ya sinki kulikuwa na tone moja tu, ambalo hata kulisikia huwezi. Baada ya miezi minne sakafu ya kabati ilivimba kama andazi, na bawaba zikang'oka kwa sababu skrubu hazikuwa na cha kushika. Niliukausha ule ubao juani kwa wiki nzima. Haukurudi katika unene wake.

Kabati langu la ukutani ndilo lililonitia aibu. Fundi yuleyule alilitundika kwa plagi fupi za plastiki, ambazo hazikuvuka plasta. Usiku wa kuamkia Idi, tukiwa na wageni, lilishuka lote pamoja na seti ya sahani ya harusi yetu. Muuzaji alisema kosa ni la fundi, fundi akasema kosa ni la ukuta, na ukuta haukuwa na la kusema.

Fundi Bomba

Pole sana, lakini tusiiadhibu MDF kwa kosa la bomba. Tone lile lingeozesha hata plaiwudi, ila lingechelewa. Kabla ya kununua kabati lolote, jaza sinki, liachie maji kwa mkupuo, kisha pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Karatasi itakuonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kabati nalo lisikae sakafuni. Liinue juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10 hivi, ili siku ya kudeki maji yapite chini yake.

Mama Kigamboni

Mtungi wa gesi je? Wangu wa kilo 15 nimeuficha kabatini.

Fundi Bomba

Dada yangu, utoe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hukaa chini, ndani ya kabati, ikisubiri cheche. Ukishindwa kuuweka nje, toboa matundu mapana sehemu ya chini kabisa ya kabati. Matundu ya juu ambayo watu huyapenda kwa urembo hayatoshi peke yake.

Mtu wa Zege

Ninashangaa hakuna aliyetaja njia ya wazee wetu. Jenga nguzo tatu za tofali, mimina slabu ya zege, bandika vigae juu yake, kisha nunua milango peke yake. Maji hayaliozeshi, mchwa hawalipendi.

Seremala Mstaafu

Na siku akitaka kuhamisha sinki, ataita nyundo. Isitoshe, nguzo hizo zinakula nafasi, na yeye ana upana wa sentimita 180 tu.

Mtu wa Zege

Nguzo ya tofali za inchi nne hailingani na hasara ya kununua kabati mara mbili.

Mkazi wa Tabata

Nawashukuru wote. Kuna jambo nilidhani si muhimu: ukuta mmoja mrefu umepakana na bafu, na rangi yake hubambuka chini kila baada ya masika. Nilitarajia makabati yaufiche.

Fundi Bomba

Ndugu yangu, hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Seremala Mstaafu

Usinunue chochote kwanza. Ukiufunika ukuta huo, unyevu utahamia kwenye migongo ya makabati, ambayo mara nyingi ni ubao mwembamba wa milimita tatu.

Mama Kigamboni

Alumini ingestahimili.

Mpangaji wa Zamani

Alumini ingestahimili, lakini unga wa ugali uliomo ndani yake utaota ukungu.

Fundi Bomba

Bomba la maji machafu la bafu limepita ndani ya ukuta huo au chini ya sakafu?

Mkazi wa Tabata

Sijui. Nyumba niliikuta imejengwa. Nitamuuliza jirani, kwa kuwa nyumba yake na yangu zilijengwa na fundi mmoja, na Jumamosi nitabandua vigae viwili vya bafuni nione.