Viraka viwili vya intarapti, wasimamizi wawili: nianze na kipi?

Fundi_Tandale
Wakuu, habari za usiku. Natengeneza bodi ya kufuatilia vyumba vya barafu pale Soko la Samaki Feri: joto likipanda au mlango ukiachwa wazi, inapiga kelele. Vihisi vyote vinapita kwenye chipu ya kuongeza pini za GPIO (pini za kuingiza na kutoa ishara). Chipu inaongea na prosesa kwa I2C (mawasiliano ya nyaya mbili), na waya wa intarapti, yaani ishara ya kumshtua prosesa, ni mmoja tu.

Nina viraka viwili (mabadiliko ya msimbo) vya kerneli, kiini cha Linux. Cha kwanza kinagusa draiva ya hiyo chipu, ambayo imo kwenye kerneli siku nyingi: intarapti ikishapokelewa, haifuti rejista ya hali, kwa hiyo waya unabaki chini, kama vile intarapti bado ipo. Cha pili ni draiva yangu mpya ya vihisi. Nilivituma mbalimbali, kila kimoja kwa msimamizi wake, yule anayepokea mabadiliko ya sehemu ile ya kerneli. Yule wa vihisi kaniuliza nimekijenga juu ya nini, nikakosa jibu. Nikakijaribu peke yake: kinakompaili safi, halafu punde si punde kerneli inalalamika kwamba intarapti haina mwenyewe, inaufunga waya. Nifanyeje? Nimeanza mambo haya mwaka huu, msinicheke.

Mzee_wa_Kompaila
Hakuna wa kukucheka. Huo ni utegemezi ambao kompaila haiuoni, na ndio mbaya zaidi. Kerneli inahesabu: katika kila intarapti 100,000, zikizidi 99,900 zisizo na wa kuzikiri, waya unafungwa. Ukishikiliwa chini, laki inatimia hujameza mate. Sasa mtu anasaka kosa lake kwa git bisect, inayogawa historia ya msimbo nusu kwa nusu, anaangukia katikati ya viraka vyako, bodi inakufa, anakulaani bila kukujua.

Vifunge viwe mfululizo mmoja, 1/2 na 2/2. Barua ya utangulizi iende kwa wasimamizi wote wawili, na tumia --base ili git iandike komiti (badiliko lililohifadhiwa) uliyoanzia. Mmoja anaridhia kwa Acked-by, mwenzake anavipitisha vyote.

Binti_Kigamboni
Mimi hicho cha kwanza ningewatumia wote wawili, kila mtu akiweke kwake, yaishe.

Mzee_wa_Kompaila
Hapana dada. Hapo kiraka kimoja kinazaa komiti mbili zenye hashi (namba ya utambulisho) tofauti, na mtu akigusa tena mistari ile mnagongana mbele ya safari. Kikitakiwa pande zote, msimamizi wa GPIO anakiweka kwenye tawi lisilobadilishwa, mara nyingi juu ya rc1 (toleo la kwanza la majaribio), na mwenzake analivuta. Komiti inabaki ile ile.

Nesi_wa_Kerneli
Fundi, swali kwanza. Toa draiva yako kabisa, weka kitufe cha kawaida kwenye pini ile kwa gpio-keys, draiva ya vitufe iliyomo kwenye kerneli. Waya unakufa?

Fundi_Tandale
Samahani kuchelewa, umeme ulikatika. Nimebonyeza mara moja tu, umekufa.

Nesi_wa_Kerneli
Basi mfululizo wa nini? Hilo ni kosa la zamani, wewe umelikuta tu. Kitume cha kwanza peke yake kama marekebisho, na mstari wa Fixes: unaotaja komiti iliyolileta. Marekebisho yanapokelewa hata katikati ya rc. Draiva mpya ndiyo inayongoja dirisha la kuunganisha, linalofunguka kila toleo likitoka na kudumu wiki mbili, na matoleo yenyewe huja kila wiki tisa au kumi. Kikiingia sasa, rc1 ijayo utakikuta humo, cha pili unakijenga juu yake. Na hendla yako (kipande kinachoitikia intarapti) isisome I2C moja kwa moja: I2C inalala ikisubiri jibu, na hendla ya kawaida hairuhusiwi kulala. Tumia request_threaded_irq, inayoipeleka kazi kwenye uzi unaoruhusiwa kulala.

Mzee_wa_Kompaila
Hapo nimekubali, nilikimbilia mfululizo. Fundi, mjibu yule wa vihisi kwenye barua ile ile, umwekee kiungo cha kiraka kinachotangulia. Asidhani umepotea.

Fundi_Tandale
Nimemjibu, kasema nirudi rc1 ikitoka. Wenye barafu Feri nawawekea kerneli niliyoibandika viraka mwenyewe, maana nikiwaambia wiki kumi watanitupia na samaki.