Ile "m" kwenye vibao vya Uingereza: ni mita au maili?

Kutoka: Kaka wa Coventry
Jumapili, saa 2 usiku

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Mimi mgeni, nina miezi minne hapa. Nimepata kibarua cha kuhamisha vyombo vya watu kwa gari la boksi. Jana nilipata mtihani. Ndani ya gari, juu ya kioo, kuna kibandiko kinachosema kimo ni mita 3.3. Mbele yangu daraja la reli, la chuma, lina kibao cha duara jekundu: 10'-6". Basi. Hakuna mita. Nilisimama katikati ya njia, nikawasha taa za hadhari, watu nyuma wanapiga honi, na mimi nakodolea macho zile alama ndogo kama nasoma saa na dakika. Kijana mmoja alishuka akanielekeza kurudi nyuma hadi nikageuza.

Halafu kwenye barabara kuu nimeona vibao vya kutokea vimeandikwa "1 m" na "½ m". Nusu mita? Nimeona pia mtandaoni kuna watu wanaong'oa vibao vya mita makusudi. Ni kweli?

Kutoka: Dereva wa Leicester
Jumapili, saa 4 usiku

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Ulifanya la maana kusimama. Honi hazivunji paa la gari. Nchi hii madaraja ya reli hugongwa karibu kila siku, siku nyingine mara nne au tano, na wengi wanaogonga ni madereva waliokuwa na haraka.

Alama moja ya juu ni futi, alama mbili ni inchi. Futi moja ni sentimita 30.48, inchi ni 2.54. Kwa hiyo futi 10 na inchi 6 ni mita 3.20. Gari lako ni 3.30. Ungeingia, ungeacha paa pale. Ukiwa njiani huna muda wa kupiga hesabu, chukua futi za daraja, zidisha kwa 3, kisha gawa kwa 10. Jibu litapungua kidogo kuliko ukweli, na kwa daraja kupungua ndiko tunakotaka. Tangu 2015 kila kibao kipya cha kimo au upana lazima kiwe na futi na mita pamoja, ila vya zamani havikung'olewa. Utakutana navyo, hasa kwenye barabara ndogo.

Sasa ile "m". Kwenye vibao vya umbali ni MAILI. "½ m" ni nusu maili, kama mita 800. Lakini kwenye kibao cha kimo, "3.2 m" ni MITA. Herufi hiyohiyo, ndogo hivyohivyo, vitu viwili. Mimi nina miaka 19 barabarani na bado naona jambo hili si haki kwa mgeni. Vibao vya mwendo ndiyo kabisa havitaji kipimo: 30 ni maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Zidisha kwa 8, gawa kwa 5. Hiyo 70 ya barabara kuu ni 112. Ukivuka mpaka kutoka Newry, Ireland ya Kaskazini, kwenda Dundalk, upande wa Jamhuri ya Ireland wameshahamia kilomita tangu Januari 2005, na vibao vyao vya mwendo vimeandikwa km/h. Pale usizembee, maana 100 ya kule si 100 ya huku.

Na ndiyo, ni kweli, wapo. Kuna kundi linaloitwa Active Resistance to Metrication, yaani wapinzani wa kuhamia vipimo vya mita, lilianza 2001. Wanabandika yadi juu ya mita, au wanafungua kibao kizima. Kwa maelezo yao wameshagusa vibao zaidi ya 3,000.

Hili mimi limenifika mlangoni. Karibu na kwetu kuna njia ya waenda kwa miguu inayokwenda stesheni, ilikuwa na kibao "400 m". Asubuhi moja nikakuta stika imebandikwa vizuri sana, rangi ileile, herufi zilezile: "440 yds", yaani yadi 440. Baada ya wiki kadhaa hata kibao hakipo, imebaki nguzo na matundu mawili ya bolti. Sijui aliyefanya ni nani, simsingizii mtu. Lakini wiki hiyo mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Tanga, goti lake bovu. Alifika pale kwenye nguzo, akashika fimbo kwa mikono miwili, akaniuliza: "Mwanangu, ni mbali?" Miaka yote pale palikuwa na jibu. Siku ile nguzo ilikuwa tupu.

Kutoka: Mzee wa Southend
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Wanangu, naomba niwatetee kidogo hao watu, maana nimeishi na wenyeji wa nchi hii tangu 1983 na si wahuni.

Kwanza, kwa sheria wana hoja. Kanuni za alama za barabarani za nchi hii zinasema umbali uandikwe kwa maili na yadi. Halmashauri iliyoweka "400 m" ndiyo iliyokosea mwanzo. Wao wanasema wanasahihisha.

Pili, uchungu wao una historia. Serikali ilitangaza kuhamia mita na kilo 1965, ikaenda nusu njia, ikasimama. Ilipofika Januari 2000, bidhaa za kupima sokoni zikatakiwa ziuzwe kwa kilo. Sunderland kulikuwa na muuza matunda, Steve Thoburn, aliyekuwa akiuza ndizi kwa ratili. Mizani yake ilichukuliwa mwaka huo, 2001 akatiwa hatiani, rufaa yake ikashindwa 2002, na 2004 akafariki kwa moyo akiwa na miaka 39. Mimi nilihuzunika. Mtu anauza ndizi kwa kipimo ambacho mteja anakitaka, unamfikisha mahakamani kwa nini?

Sisi wenyewe tuna vyetu. Bibi yangu Pemba alihesabu karafuu kwa frasila hadi anaingia kaburini, na frasila ni ratili 35. Fitri ya Ramadhani tunaitoa pishi, vibaba vinne. Angekuja mtu kuniambia pishi ni marufuku, ningemgomea. Kipimo kinakaa mkononi mwa mtu kama lugha inavyokaa mdomoni.

Kutoka: Dereva wa Leicester
Jumatatu, saa 12 jioni

Shikamoo Mzee. Umenigusa na habari ya Thoburn, na juu ya mizani yake sibishani na wewe. Ratili kuandikwa pembeni ya kilo inaruhusiwa mpaka leo, na painti ya bia na ya maziwa ya chupa hakuna aliyeigusa. Ilikuwa sawa iachwe.

Lakini Mzee, duka na barabara ni vitu viwili. Dukani mteja anamfahamu muuzaji, ataulizia, ataonyeshwa kwa mkono. Bibi yako alikuwa na pishi lake ndani, na anayenunua karafuu anajua frasila. Kibao cha njiani kinamsubiri mtu asiyejua. Anayeishi pale hakisomi kabisa. Ndiyo maana naona ni makosa kukigeuza kiwe bendera ya wenyeji.

Na kuhusu sheria: ikiwa halmashauri imekosea, kuna barua, kuna diwani, kuna kikao. Mtu akipanda ngazi usiku na spana, anayeumia ni mama mkwe wangu. Halmashauri ilitumia fedha zetu za kodi kuweka kibao, itatumia tena kuweka kingine.

Wenyeji nao wameulizwa. 2022 serikali ilifungua maoni juu ya kurudisha vipimo vya zamani madukani. Majibu yalipita 100,000, na karibu wote, asilimia 98.7, walitaka kilo na lita zibaki, peke yake au zikiwa mbele. Desemba 2023 serikali ikatangaza haibadilishi, ila ikaruhusu mvinyo uuzwe kwa chupa ya painti. Maili za barabarani hazikuguswa, na mimi siombi zifutwe. Naomba viandikwe vyote viwili, kama kwenye kimo. Chuma ni kilekile, rangi ni ileile, inaongezeka namba moja.

Kutoka: Dada wa Reading
Jumatatu, saa 3 usiku

Naongeza la nyumbani kwa wageni. Hospitali watampima mtoto wako kwa kilo, lakini jirani atakuuliza ratili ngapi. Uzito wa mtu mzima wanataja kwa "stone", ratili 14, kama kilo 6.35. Kwenye dawa usikubali kukisia: uzito wa mtoto sema kwa kilo tu, na kama hujui omba apimwe palepale.

Mzee, shikamoo. Fitri mwaka huu nilipima mchele mwenyewe kwa kibaba cha mama, kisha nikauweka kwenye mizani ya kilo. Vyote viwili vilikuwa mezani.

Kutoka: Kaka wa Coventry
Jumanne, saa 11 jioni

Ahsanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyoomba.

Leo kabla ya kazi nimepanda kwenye bampa na tepu, nikapima boksi mwenyewe badala ya kuamini kibandiko. Ni 3.31, maana kuna taa ndogo juu imetokeza. Nimeandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya gundi na kuibandika mbele ya usukani: "3.31 m, 10 ft 11". Bosi amekuja kuangalia, akaniomba niandike na ya gari la pili.

Mzee, shikamoo. Mimi nimezaliwa Kibaha, pale Maili Moja. Nimepita kituo kile maisha yangu yote na sijawahi kuuliza ni maili moja kutoka wapi. Nimempigia baba mchana, naye hajui. Amesema atamuuliza babu.