Mrejesho: Kipanya cha Logitech G305 kwa michezo

Ahsanteni wakuu. Niliuliza kama G305, kipanya cha bei nafuu kisicho na waya, kinafaa kwa michezo ya kulenga shabaha. Kinafaa sana: kinaripoti mwendo mara 1000 kwa sekunde, na DPI (kipimo cha wepesi wa kishale kufuata mkono) ya 800 inatosha.

Kasoro ni uzito, gramu 99 pamoja na betri yake ya AA. Ukiweka ya lithiamu badala ya alikali, unapunguza takriban gramu 8, na mkono unazisikia. Kishale kikirukaruka, angalia kwanza kipokezi, kile kidude cha USB kinachopokea ishara za kipanya. Tundu la USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa yaleyale ya 2.4 GHz yanayotumiwa na kipanya, kwa hiyo tumia waya wa kurefusha, kipokezi kikae sentimita 20 kutoka kwenye kipanya. Taa za rangi hakina; betri inadumu zaidi.