Kitabu cha sheria ninunue au PDF inatosha? Na hivi vichwa vya vijeshi mbona vinapauka

Kamanda_wa_Jikoni

Wakuu habari za humu. Najua tunaocheza vita vya mezani tunahesabika ila nimekuta uzi wa zamani wa rangi nikajua wadau wapo. Mimi niko Birmingham, jamaa wa kazini ndiye kaniingiza kwenye Warhammer 40,000, alikuwa na boksi la Space Marines limekaa kabatini hajaligusa akanigawia. Nimekata, nimegundisha, nimeanza kupaka, na kusema ukweli kupaka ndiko kumenikamata kuliko hata kucheza kwenyewe, natoka shifti ya usiku badala ya kulala nakaa jikoni na taa na kabrashi, wife anauliza hawa wa plastiki nimewatolea na mahari au vipi.

Sasa nina maswali mawili, msinicheke.

La kwanza kitabu. Jamaa ananisukuma ninunue kodeksi, yaani kitabu cha sheria za jeshi langu, ile ya jalada gumu, hela yake karibu sawa na boksi zima la askari. Mwingine pale klabu akasema usithubutu, sheria za msingi wenyewe wameziweka bure PDF, halafu angalia wanavyobadilisha matoleo, 2017 wakaleta la nane, 2020 la tisa, 2023 la kumi, kitabu kinazeeka hujamaliza hata kupaka kikosi cha kwanza. Sasa mimi nimekaa katikati. Napenda kitabu, sikatai, ila sina hela ya kuchezea.

La pili, kuna vichwa havina helmeti na nimetaka niwapake wawe weusi kama sisi. Kila nikipaka vinatoka vimepauka kama mtu katoka kuoga hajapaka mafuta. Video zote ninazoziona ni za ngozi ya kizungu. Mnafanyaje?

Natanguliza shukrani.

Dadu6Tena

Usinunue.

Haya nifafanue kabla hamjanirukia. Kwenye 40K (hiyo Warhammer 40,000 yako) pointi za jeshi, yaani bei ya kila askari ndani ya mchezo, zinatoka kwenye faili la bure, Munitorum Field Manual, na hilo wanalibadilisha mara kadhaa kwa mwaka, jeshi lako lililokuwa linaenea jana leo limezidi inabidi umtoe mtu. Juu yake kuna mafaili ya masahihisho ya sheria zenyewe. Sasa wewe njoo mashindanoni na kitabu chako kinanukia wino, unamsomea mpinzani sheria kwa sauti ya kisomi kabisa, yeye anafungua simu anakuonyesha hiyo aya ilishabadilishwa. Refa anafuata ya simu, mchezo umekwisha.

Kitu kimoja cha kujua, kodeksi za sasa zina namba ya siri (code) ndani, unaiingiza kwenye app yao inakufungulia sheria za jeshi lako. Hiyo code ikishatumika imetumika. Kwa hiyo ukiona mtu anauza kodeksi ya mtumba bei ya chee muulize hilo kwanza maana unaweza kuwa unanunua picha tu.

Ya ngozi siwezi kukusaidia, wangu wote wana helmeti 😂

babu_dadu

Mdogo wangu Kamanda karibu. Huyo Dadu6Tena anachosema ni kweli kwa mchezo mmoja, na anaongea kama vile duniani upo huo tu.

Mimi nakaa Nottingham, na huku ndiko nyumbani kwa mambo haya, Games Workshop wenye Warhammer wako hapa, Warlord Games wenye Bolt Action wako hapa, wale mapacha Perry wanaochonga askari wa historia nao wako hapa hapa. Nimeona michezo ikizaliwa na kuzikwa. Mwaka 2015 Games Workshop waliifunga Warhammer ile ya zamani, ya mazimwi na wapanda farasi, wakaleta Age of Sigmar. Watu walikuwa na majeshi waliyoyapaka nusu ya maisha yao. Unadhani waliyatupa? Wenye vitabu vyao waliendelea kucheza, wengine toleo la sita la mwaka 2000, wengine la nane la 2010, hawakumuomba mtu ruhusa, na mchezo ukarudishwa rasmi 2024 kwa jina la The Old World ukawakuta bado wako mezani wanatupa dadu. Hiyo ndiyo thamani ya kitabu. Kampuni ikibadili mawazo haiwezi kuja kukuchukulia kabatini. App siku wakiizima unabaki na simu tu.

Rudi nyuma zaidi. H.G. Wells, yule mwandishi wa riwaya wa Kiingereza, alichapisha kitabu cha sheria Little Wars mwaka 1913, watu wazima wanalala sakafuni wanalenga vijeshi kwa kamzinga ka springi kanakorusha kijiti. Sheria zile leo ukizifungua unacheza jioni hii hii, zaidi ya miaka 100 na hakuna cha kusasisha.

Kwa hiyo mimi huwa naangalia mchezo umetulia au haujatulia. 40K ya mashindano haijatulia, hapo kijana yuko sahihi, tumia simu. Lakini chukua Bolt Action, ile ya vita vya pili vya dunia, walioiandika ni Rick Priestley na Alessio Cavatore, na huyo Priestley ndiye aliyeandika Rogue Trader ya 1987 ambayo ndiyo mama wa hiyo 40K yako. Bolt Action toleo la kwanza 2012, la pili 2016, la tatu 2024. Kati ya la pili na la tatu kimepita kipindi ambacho 40K imebadilisha toleo mara tatu. Kitabu kama hicho unanunua, unakichakaza vizuri, hujatupa hela.

Na kuna jambo la kupaka pia. Napaka makeya wa Burma, yaani askari wa King's African Rifles, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland walioshuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua na matope mpaka wakafika Kalewa. Kofia pana iliyokunjwa upande mmoja, nguo za kijani cha msitu, buti zimejaa udongo. Hao wanataka kitabu chenye picha kubwa ukilaze wazi mezani, simu kila dakika inazima kioo na mkono wako una rangi.

BintiMakorora

Mzee wangu hapo kwenye mkono wenye rangi umenigusa 😂

Kamanda nianze na ngozi maana hiyo ndiyo shida ya kweli, kitabu ni mjadala tu.

Wanapauka kwa sababu unang'arisha kwa nyeupe. Najua kwa sababu ndivyo video zote zinavyofundisha, chukua rangi ya ngozi tia nyeupe kidogo paka penye mwanga. Kwa ngozi yetu nyeupe ikiingia kwenye kahawia inageuka majivu. Iache kabisa. Na usianze na nyeusi pia, mtu mweusi si mweusi wa makaa.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, iwe ya kahawia au nyeusi. Juu yake Rhinox Hide, ni kahawia iliyokolea sana, izimue na maji mpaka iwe kama maziwa, tabaka mbili nyembamba na usubiri la kwanza likauke kweli. Halafu Mournfang Brown ambayo ina wekundu ndani yake, hiyo unaweka tu pale taa ya juu inapogonga, yaani paji la uso, mfupa wa shavu, mgongo wa pua, kidevu, na juu ya masikio watu huwa wanasahau. Ukitaka ngazi ya tatu chukua hiyo hiyo Mournfang uichanganye na Cadian Fleshtone, ile rangi ya ngozi nyepesi, kidogo sana, vitone tu kwenye shavu na ncha ya pua. Joto linabaki, hapauki mtu. Kwenye mashimo, chini ya macho na chini ya taya, Druchii Violet iliyozimuliwa, zambarau kwenye ngozi nyeusi inakaa vizuri kuliko woshi (rangi nyepesi ya kivuli) ya kahawia ambayo utakuwa huioni. Mdomo wa chini tia wekundu kidogo kwenye kahawia yako. Viganja vifanye vyepesi kuliko mgongo wa mkono. Na macho yasiwe meupe pee, tumia rangi ya mfupa, la sivyo wote watakuwa kama wameona jini.

Na wasiwe rangi moja wote jamani, hivi kikosi kizima mama mmoja? Mmoja mzidishie wekundu, mwingine uanze na nyeusi kidogo ndani ya Rhinox.

Sasa kitabu. Mimi niko Dar, vitabu vya kuagiza ukijumlisha na usafiri na ushuru unaweza kulia. Zile PDF za bure za wenyewe (za wizi siongelei hapa, kila mtu na dhamira yake) nilizipeleka steshenari, wakaprinti nyeusi na nyeupe, wakatia spairo na plastiki juu. Ndicho kitabu changu cha sheria. Kinakaa wazi chenyewe mezani, nakichora kwa kalamu, wakibadilisha ukurasa naprinti ule ukurasa naupachika. Kurasa za muhtasari nimelaminisha. Umeme ukikatika na bando likaisha tunaendelea na tochi. Dadu6Tena wewe hapo una app.

Lakini cha picha na historia ya jeshi nilinunua halisi, kimoja, na sababu yangu ni ya kupaka. Ukurasa uliochapishwa unaangazwa na taa ile ile inayomuangaza askari wako. Namsimamisha juu ya picha naona hapo hapo kama buluu yangu imepungukiwa. Simu ina mwanga wake, ukiongeza braitnesi rangi nyingine, ukipunguza rangi nyingine, huwezi kulinganisha kitu.

Tatizo la huku ni unyevu. Kitabu kizuri ukikiacha kabati la chini masika inaisha kina ukungu na kurasa zimeshikana. Mimi nakifunga kwenye mfuko wa plastiki na vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu. Unyevu huo huo ndio unaharibu praima ya kopo, siku ya joto la mvua ukipuliza inatoka na vumbi vumbi kama msasa, ndio maana nimehamia praima ya brashi ya Vallejo. Huko Birmingham kwenu baridi na ukungu wa asubuhi utakufanyia vile vile, usipulize nje siku mbaya.

Dadu6Tena

Nakubali spairo, hiyo ni akili. Ila hapo umeniunga mkono, umeprinti PDF. Hukununua kitabu cha sheria, umenunua kitabu cha picha.

BintiMakorora

Ndiyo, na hicho cha picha ndicho nitakachomrithisha mtu. Hizo spairo nitafungia maandazi siku moja.

babu_dadu

Dadu6Tena usishangilie mapema. PDF ya bure ipo kwa sababu kuna watu wananunua kitabu. Halafu kwenye simu unatafuta sheria unayoijua jina. Kwenye kitabu unafungua kutafuta mambo ya vifaru unakutana na sheria ya moshi ambayo hukujua ipo, na mchezo unaofuata unamshinda mtu kwa hiyo.

Kamanda_wa_Jikoni

Shikamoo mzee @babu_dadu, na dada @BintiMakorora Mungu akubariki, nimemfanya mmoja asubuhi hii kwa hiyo Rhinox na Mournfang, bila nyeupe, na kwa mara ya kwanza anafanana na mtu. Anafanana na mjomba wangu kabisa, mpaka wife kacheka. Zambarau nilikuwa naiogopa lakini chini ya taya imekaa.

Kwenye kitabu naona nitafanya hivi, sheria za 40K nabaki na simu na nitaprinti za msingi, sijui huku spairo wanatia wapi ila nitauliza maktaba. Hela ya kodeksi nataka niiweke kwenye Bolt Action maana hao makeya wa mzee wameniharibu usingizi. Sikujua kabisa kwamba kuna watu wanapaka babu zetu.

babu_dadu

Marahaba. Njoo Nottingham siku moja Jumamosi, ni treni moja tu, nitakuonyesha. Leta huyo mjomba.

BintiMakorora

Kamanda kama unataka za kwetu basi usiishie Burma. Mimi ni wa Tanga, meza ninayoitengeneza ni ya Novemba 1914, Waingereza wameshusha kikosi kutoka India kama watu 8,000 chini ya Jenerali Aitken, upande wa pili Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana kama 1,000, wengi wao askari wetu, na akawarudisha wale wote baharini. Wapo wanaotengeneza askari wale wa milimita 28, wa chuma. Kofia zao zina kifuniko cha kaki, bunduki nyingi ni zile Mauser za 1871 za baruti nyeusi, ukipiga tu moshi unasema uko wapi. Kwa hiyo mezani kila kikosi kikifyatua naweka pamba mbele yake, na adui anajua pa kulenga. Minazi nimefanya kwa waya na karatasi, mashamba ya mpira bado yananitesa.

Na nyuki lazima. Vita ile nyuki walitoka kwenye mizinga yao wakawashambulia watu katikati ya mapigano.

Dadu6Tena

Hao nyuki wana pointi ngapi?

BintiMakorora

Hawana pointi, hawana jeshi. Kila raundi unatupa dadu, ikitoka 6 kikosi kilicho karibu zaidi na mti wenye mzinga kinakimbia nyuma inchi 6, awe Rajput wa kikosi cha India awe askari wa Lettow. Nimeandika kwa mkono ukurasa wa mwisho wa spairo.