Obama kwenye majani: ile ni picha ya mtu au ya bustani?

MzeeWaMajengo: Rais mzima, mchoraji Kehinde Wiley kamkalisha kwenye kiti, nyuma majani matupu, miguu inamezwa na maua. Ya Michelle, kazi ya Amy Sherald, ndiyo kabisa: ngozi ya kijivu na sura simjui! Mchoraji akishindwa kufananisha siku hizi anasema ni mtindo.

FundiRangi: Ashindwe wapi? Sherald watu weusi wote huwachora kijivu makusudi, usianze kumhukumu mtu kwa ngozi. Na yale maua yanasimulia maisha ya Obama: krisantemu ni ua la Chicago, asumini ni Hawaii alikozaliwa, yale ya buluu ni Kenya kwa baba yake.

Kiboko_254: Asumini ya Hawaii? Tangu lini?

BintTanga: Niulizieni. Asumini tunavaa sisi kichwani, tunamwagia bi harusi kitandani, leo imehamia Hawaii.

FundiRangi: Dada, nani kasema ni ya huko peke yake?

WaSiaya: Hilo la Kenya ndilo limenichekesha. Ni agapanthasi, asili yake kusini mwa Afrika. Kwetu Siaya, kwa kina Obama, utakuta mahindi na migomba. Ua hilo nililiona kwanza kwenye bustani ya hoteli Nairobi.

MzeeWaMajengo: Mmeona? Hata maua kakosea.

FundiRangi: Mzee, si ulisema ni majani matupu? Sasa yanakuuma nini?

BintTanga: Mzee huyo naapa ana picha ya studio, nyuma pazia limechorwa meli na ndege, na hata ngalawa hajapanda.

MzeeWaMajengo: Kwenye pazia la studio uso wangu ninaujua! Na uniheshimu, binti, mimi si rika lako.

Kiboko_254: Shikamoo mzee. Picha zenyewe si za 2016, akiwa bado Ikulu?

FundiRangi: Zilizinduliwa Februari 2018, kashatoka. Kwenye jumba la picha la National Portrait Gallery, Washington. Na huo uso wa Obama umefanana mpaka mvi, mtazame vizuri.

WaSiaya: Uso sawa. Ua bado hamjanijibu. Angeweka waridi, Naivasha wanauza Ulaya kila siku.

BintTanga: Waridi la mashamba ya wawekezaji ndiyo Kenya?

WaSiaya: Basi mahindi.

Kiboko_254: Mahindi nayo yalitoka Amerika, ndugu yangu. Hayo ndiyo yangemfaa, kwa mama yumo na kwa baba yumo.